Maji ya Kichwani na Lindo la Mzazi

Katika kambi za jeshi na makao ya polisi, kama ilivyo katika mitaa ya Buyenzi na Kamenge hapa Bujumbura, yaweza kutokea mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua kuliko kawaida. Majirani hunong'ona. Huyu husema ni laana, yule husema mama amevunja mwiko. Maneno hayo yakiendelea kuzunguka, siku zinapita, nazo siku ndizo zinazoamua kama mtoto atakuja kuona, kutembea na kusoma.

Ugonjwa huo huitwa kichwa kikubwa, na chanzo chake ni maji. Ndani ya ubongo wa kila mwanadamu mna vyumba vidogo vinavyotoa maji ya kuulinda. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kwa siku, na maji hayo hupita katika njia nyembamba hadi yanaponyonywa na damu. Njia ikiziba, maji hujaa. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kwa hiyo kichwa hutanuka na ubongo hubanwa.

Wako wanaozaliwa na hali hiyo, hasa wenye mgongo wazi. Lakini katika Afrika Mashariki maambukizo ni adui mkubwa zaidi. Uchunguzi wa watoto 300 nchini Uganda, uliotangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba karibu watatu kati ya kila watano walipata ugonjwa huo kwa sababu ya maambukizo, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha yao.

Dawa ya kunywa ya kuyaondoa maji hayo haipo; ni lazima yafunguliwe njia. Mwaka 1956, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, fundi wa mitambo John Holter, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa huo, alishirikiana na daktari Eugene Spitz kutengeneza vali ndogo. Vali hiyo huunganishwa na mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi, na maji ya kichwani huteremka pasipo kurudi nyuma. Mwana wa Holter hakuishi miaka mingi, lakini kazi ya baba yake imeokoa watoto wengi duniani. Siku hizi mpira huo kwa kawaida huishia tumboni.

Mpira huo, hata hivyo, una udhaifu wake. Waweza kuziba au kuingiwa na vijidudu wakati wowote, hata baada ya miaka mingi. Mtoto aishiye karibu na hospitali kubwa hupasuliwa tena upesi, lakini aishiye mlimani, mbali na barabara, yumo hatarini. Jambo hilo lilimshughulisha daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefika Mbale, mashariki ya Uganda, mwaka 2000. Katika hospitali ya watoto ya CURE alitumia darubini nyembamba inayoingizwa ndani ya ubongo. Kwa chombo hicho daktari hutoboa tundu dogo ili maji yapate njia mpya, kisha huchoma sehemu ya nyama zinazotengeneza maji. Mtoto akifanikiwa, hubaki bila mpira. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watoto 100 wa Uganda, waliogawanywa baina ya njia hizo mbili. Baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya makundi hayo hayakuwa na tofauti kubwa.

Kadhalika ilidhihirika huko Mbale kwamba mpira wa bei nafuu kutoka India, uliogharimu kama dola 35, haukuzidiwa na ule wa dola 650 katika mwaka wa kwanza wa matumizi.

Hata hivyo chombo cha kwanza hakimo hospitalini. Ni utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa chenye mzingo wa kama sentimeta 35. Katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka kama sentimeta 2 kwa mwezi, kisha kasi hupungua. Kikizidi mno kiasi hicho, au utosi ukivimba, au macho yakielekea chini kama jua linalotua, mtoto apelekwe kwa mganga siku ile ile. Mwenye mpira akitapika, akipata homa au akilala usingizi usio wa kawaida, asisubiri hata asubuhi.

Mama ndiye anayekaa katika lindo hilo usiku na mchana, na aghalabu hukaa peke yake, kwani mume yuko doria au amehamishiwa mkoa mwingine. Askari anajua kwamba mlinzi asiyepokewa zamu hushindwa na usingizi. Basi naye ajifunze dalili hizo, ampokee mkewe zamu awapo nyumbani, na wakati wa uhamisho ahakikishe karatasi za hospitali zinasafiri pamoja na mtoto.

Tangu mwaka 2006 Serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Kujifungulia kituoni, kuweka kitovu katika hali ya usafi na kutibu mapema homa ya mtoto mchanga ni kinga. Askari hangoji adui afike mlangoni ndipo ashike silaha. Na adui huyu naye hakabiliwi kwa kungojwa.