Mchi wa Kibo na Meno ya Mawenzi

Ukisimama Moshi mjini alfajiri, kabla mawingu hayajashuka, utamwona Kibo upande wa kushoto, laini na mviringo kama kawa lililofunika sinia. Kulia yupo Mawenzi: meno, nguzo na magenge matupu. Wote ni Kilimanjaro, lakini hawafanani hata kidogo.

Wachaga, ambao huwaita Kipoo na Kimawenze, walishaeleza tofauti hiyo zamani. Mawenzi alizimikiwa moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa moto, akamwongezea na ndizi za kutafuna njiani. Zikamnogea. Mawenzi akauzima moto makusudi, akarudi na hodi ileile, akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu Kibo alinyanyua mchi, akamtwanga nao mwili mzima. Meno tunayoyaona ndiyo makovu ya kipigo hicho.

Naipenda ngano hii kwa sababu inauliza swali sahihi: kwa nini avunjike mmoja tu? Na jambo moja imelipatia kabisa. Moto uko kwa Kibo. Hadi leo ndani ya kreta yake kuna matundu yanayotoa mvuke wenye harufu ya kiberiti. Wa Mawenzi ulizimika kitambo, wala hakuna wa kuuwasha.

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoota ubavu kwa ubavu. Shira, yule wa magharibi, alianza kulipuka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mawenzi alifuata, yapata miaka milioni 1 iliyopita. Kibo ana kama nusu milioni tu. Kwa hiyo Mawenzi, mwenye mita 5,149, ndiye mkubwa kwa umri mbele ya Kibo mwenye mita 5,895. Na umri huo ndio uliomponza. Volkano iliyo hai hujitibu: mvua ikichimba korongo, lava mpya huja ikalifukia. Iliyozimika hubaki na majeraha yake, na kila masika huyaongeza.

Lakini kwa nini meno, si kilima butu? Hapa ndipo penye utamu. Mawenzi alipokuwa hai, mwamba ulioyeyuka ulipenya kwenye nyufa zake ukagandia humo, ukawa kuta nyembamba za wima, ngumu kuliko tabaka za lava na majivu zilizozizunguka. Baadaye maji yakawa yanaingia kwenye vijiufa mchana, usiku yanaganda, yanatanuka na kulipasua jiwe. Kilicho laini kikaporomoka. Kilicho kigumu kikabaki kimesimama. Basi msimulizi aliyaona makovu. Mimi naona mifupa.

Mchi nao usiudharau. Upande wa kaskazini-mashariki ubavu mzima wa Mawenzi umemomonyoka, kilele kikabaki na umbo la kiatu cha farasi, na makorongo ya kutisha yanashuka kuelekea Rombo. Anayeyatazama kutoka huko chini hatashangaa kwamba watu waliwaza kipigo.

Kazi hiyo ya maji na barafu bado inaendelea. Mawe ya Mawenzi ni mabovu, humeguka mkononi, na ndiyo maana wapandaji wa kwanza, Eduard Oehler na Fritz Klute, walifika kileleni mwaka 1912, miaka 23 baada ya Kibo kupandwa. Mpandaji wa kawaida haendi huko bila kamba na ujuzi.

Ila kumtazama kwa karibu kila mpandaji anaweza. Ukipita njia ya Marangu, ukishaondoka Horombo utavuka uwanda mkavu ulio katikati ya vilele hivi viwili, Kibo mbele yako na Mawenzi kulia. Usiupite kimya. Pumzika hapo, umwombe mgumu wako wa Kichaga, yaani mpagazi wako, akusimulie habari ya moto na ndizi, wahusika wote wawili wakiwa mbele ya macho yenu.