Jopo Likikukodolea Macho

Leo tuzungumzie siku ambayo wengi huiogopa kuliko mtihani wa hesabu: kusimama mbele ya watu wanaojua mengi kukuzidi, ukatetea kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Chuo kikuu wanaiita kutetea tasnifu. Mwanafunzi anafanya utafiti, anauandika, kisha anaitwa mbele ya jopo la watahini. Anaeleza kwa muda mfupi, pengine dakika 15 au 20, halafu maswali yanaanza. Yakiisha anatolewa nje, jopo linashauriana, anaitwa tena kupewa matokeo. Usiseme, "Mimi niko kidato cha pili, yananihusu nini?" Ukipeleka mradi kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari, kama yale ya Young Scientists Tanzania yaliyoanzishwa mwaka 2011, majaji husimama mbele ya bango lako na kukuhoji vivyo hivyo.

Ngoja nikusimulie yangu, ila usicheke. Utafiti wangu ulihusu wasichana wa shule mbili za kata na vipindi wanavyokosa siku za hedhi. Niliwahoji wasichana 86. Usiku wa kuamkia utetezi sikulala. Nilikunywa kahawa vikombe vitano, nikarudia kurasa mpaka majogoo. Asubuhi mikono inatetemeka, mdomo mkavu kama nimelamba unga. Mtahini wa kwanza akauliza swali jepesi kabisa: "Uliwahoji wasichana wangapi?" Weee! Namba niliyoishi nayo mwaka mzima ikayeyuka.

Sikurogwa. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, jasho linatoka, mate yanapungua. Mwili unajiandaa kupigana au kutimua mbio, na wewe pale hupigani wala hukimbii, umesimama tu na karatasi zako! Hofu ya kiasi haina ubaya, inakuamsha. Ikizidi, hata unachokijua hakiji.

Mimi niliuchochea moto huo mwenyewe. Kahawa huongeza kutetemeka na mapigo ya moyo, na hukaa mwilini saa nyingi. Usingizi nao ndio wakati ubongo unapohifadhi ulichojifunza. Vijana wa umri wako wanahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na usiku wa mwisho ndio usiouguse kabisa.

Wengine huenda mbali zaidi. Anakunywa pombe "kidogo tu, kutoa aibu". Mwingine anapewa na rafiki kidonge cha kupunguza mapigo ya moyo. Hapa sifichi maneno: achana navyo. Pombe hulegeza ulimi pamoja na akili. Vidonge vya namna hiyo vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu mpaka maisha yake yawe hatarini. Ukiona hofu inakuzidi kila mara, hulali, huli, mwone daktari au mshauri.

Kinachosaidia ni mazoezi ya mdomo. Kusoma kimyakimya kunadanganya: unadhani unajua, kumbe hujawahi kulitamka. Simama mbele ya dada, mjomba, au wenzako wawili bwenini, ueleze mradi wako wote ukiangalia saa. Kisha wakubane kwa maswali, na wasikuonee huruma. Kwa nini ulichagua jambo hili? Ulijuaje kwamba wanaokujibu wanasema kweli? Ungepewa muda zaidi ungebadilisha nini? Bibi asiyejua lolote kuhusu somo lako ni mtahini mzuri sana, maana hatakubali maneno magumu. Namba zako muhimu ziandike kwenye kikaratasi na uingie nacho, kama taratibu zinaruhusu. Mimi sikuwa nacho.

Ukiwa mbele yao, pumua polepole, na kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mapigo ya moyo hushuka. Lisikilize swali mpaka mwisho. Hukulielewa? Omba lirudiwe, si aibu. Hujui jibu? Sema hujui, kisha eleza ungelitafuta vipi. Kubahatisha ndiko kunakowaudhi. Na usijilazimishe kuwa mtulivu: mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliojiambia wana hamu kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia.

Mimi je? Niliomba ruhusa nifungue tasnifu yangu, nikaisoma ile 86. Swali lililofuata: "Kwa nini shule mbili tu?" Likanitoka: "Nauli iliisha." Jopo zima likacheka, nami nikacheka, na hapo hofu ikaanza kushuka. Nikaeleza kwamba matokeo yangu hayawezi kusemea wilaya nzima, ila yanaonyesha tatizo gani lichunguzwe zaidi. Mtahini akaitikia kwa kichwa. Nikafaulu, nikapewa na masahihisho ya kurasa tatu. Masahihisho ni kawaida. Karibu wenzangu wote walipewa.

Halafu nenda msalani kabla hujaitwa. Hofu huleta haja ndogo, na katikati ya maswali hutapata nafasi.