Makaburi ya Tengeru: Wapolandi Walifikaje Arusha?

Novemba tunawaombea marehemu. Pale Tengeru, mashariki mwa mji wa Arusha, yapo makaburi yenye majina ya Kipolandi. Walifikaje huku?

Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwahamishia kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati. Baada ya Ujerumani kuushambulia Umoja wa Kisovieti, wengi waliachiwa, wakapitia Iran, na mwaka 1942 wakapokelewa Tanganyika. Kambi ya Tengeru ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga kanisa na shule.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mashariki ya Polandi ilibaki mikononi mwa Wasovieti. Wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, wakatawanyika hadi Uingereza, Kanada na Australia. Waliofia hapa wakabaki: Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, katika uwanja mmoja.

Katika falsafa tunajifunza kwamba utu hautolewi na serikali. Wenzetu hawa walinyang'anywa nchi, lakini majina yao yangali juu ya mawe. Tukiwaombea, tumkumbuke pia mkimbizi aliye hai: naye ana jina.