Umefikia Lengo? Usivue Viatu

Mara nyingi katika ukurasa huu tunaeleza namna ya kuanza: kuanza kutembea, kuanza kupunguza chumvi, kuanza kuacha sigara. Mwezi huu tunazungumza na yule aliyekwisha kuanza, akavumilia, na sasa amefika. Mizani imesoma namba aliyoitaka, presha imeshuka, watu wanamsifu. Afanye nini kesho yake asubuhi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini wengi wameumia kwa kutojiuliza.

Mfano wa mwalimu

Tuseme yuko mwalimu mkuu aliyekaribia kustaafu. Hatumsemi mtu fulani. Ni mfano wa wengi wanaofika kliniki. Uzito wake ulikuwa kilo 94 na presha yake 165 kwa 100. Daktari alimpa dawa, akamwambia apunguze uzito hadi kilo 84. Mwalimu alikubali. Kila alfajiri alitembea kutoka nyumbani hadi parokiani na kurudi. Aliacha soda, akapunguza chumvi, akasema hapana kwa sahani ya pili ya pilau. Baada ya miezi kumi alipima kilo 84, na presha ilikuwa 128 kwa 80. Muuguzi alimpongeza. Jumuiya yake ilimpigia makofi.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, akapumzika. Kisha ikaja harusi ya mpwa wake. Kisha akasema moyoni, "Nimeshapona, naweza kupumzika kidogo." Vidonge vilipokwisha hakurudi kuchukua vingine. Miezi saba baadaye wauguzi walikuja parokiani kupima watu presha baada ya Misa. Yake ilikuwa 170 kwa 105, na uzito kilo 92. Alikuwa hasikii maumivu yoyote. Alipoulizwa kwa nini aliacha, alijibu kwa mshangao wa kweli: "Si nilishafika?"

Namba ya karatasini na namba ya kweli

Wachezaji wa gofu wanalijua jambo hili vizuri. Wengi wetu hatujawahi kucheza mchezo huo. Tumeuona tu tukipita nje ya uwanja. Lakini wana hesabu moja yenye fundisho kwetu. Inaitwa handikapu. Kwa ufupi, ni namba inayoonyesha mchezaji huzidisha kiasi gani mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari katika mashimo 18. Namba ikishuka, mchezaji amekuwa hodari zaidi. Mtu anaweza kuhangaika miaka mitatu ili ashuke kutoka 24 hadi 18, na siku akifika hufanya sherehe.

Tangu mwaka 2020 hesabu hiyo hufanywa kwa utaratibu mmoja duniani: huchukuliwa raundi 20 za mwisho, zikachaguliwa 8 zilizo bora, na wastani wake ndio unaotoa handikapu. Kila raundi mpya inapoingia, iliyo ya zamani kuliko zote hutoka. Kwa hiyo handikapu si cheti cha kutundika ukutani. Inamfuata mtu kwa jinsi anavyocheza siku hizi.

Na mtu akiacha kabisa kucheza? Namba yake hubaki vilevile karatasini, kwa sababu hakuna raundi mpya. Lakini akirudi uwanjani baada ya mwaka, ataona kwamba 18 iliyoandikwa si yake tena.

Kadi ya kliniki iko hivyo hivyo. Imeandikwa 128 kwa 80, lakini hiyo ni habari ya siku ile. Presha iliyo ndani ya mishipa leo ni ya maisha ya majuma haya.

Mitego mitatu

Anayefikia lengo huwekewa mitego mitatu. Ni vema kuijua kwa majina.

*Wa kwanza ni kuridhika.* Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ni tamu, na mtu aliyesifiwa huona kazi imekwisha. Lengo lina mwisho wake. Afya haina siku ya kufunga hesabu.

*Wa pili ni utupu.* Kwa miezi mingi mtu amekuwa na jambo la kungojea. Sasa limepatikana, naye anashangaa kwamba furaha haikukaa. Hili halimpati mnyonge peke yake. Mwezi Julai 2025, Scottie Scheffler wa Marekani, aliyekuwa wa kwanza duniani katika gofu, alisema waziwazi mbele ya waandishi wa habari kwamba furaha ya kushinda hudumu dakika chache tu, na kwamba ushindi haumjazi mtu ndani kabisa ya moyo. Siku chache baadaye alishinda mashindano makubwa ya The Open huko Ireland ya Kaskazini. Basi nawe ukijisikia mtupu baada ya kufika, usidhani una kasoro. Ni hali ya kibinadamu.

*Wa tatu ni woga.* Huu haujulikani sana, nao huvaa nguo za busara. Mchezaji wa gofu aliyefika 18 anaanza kukwepa kucheza, asije akaharibu namba yake. Mgonjwa aliyeshusha presha anaanza kukwepa kliniki, na aliyepungua uzito anakwepa mizani, kwa kuogopa kuona imepanda. Kumbe kipimo hakipandishi presha wala uzito. Kinasema tu kilichopo, na kikisema mapema, marekebisho huwa madogo.

Mwili nao una mambo yake

Tusimlaumu mtu kwa moyo dhaifu peke yake. Anayepungua uzito, mwili wake hudhani kuna njaa. Homoni inayoleta njaa huongezeka, na ile inayoleta shibe hupungua. Uchunguzi umeonyesha kwamba hali hiyo yaweza kuendelea hata mwaka mmoja baada ya kupungua. Tena mwili uliokuwa mwepesi hutumia chakula kidogo kuliko ulipokuwa mzito. Ndiyo maana anayerudia sahani ile ya zamani hunenepa upesi.

Nguvu za moyo na mapafu nazo hazihifadhiki ghalani. Ukiacha mazoezi kabisa, huanza kupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Lakini hapa kuna habari njema: kutunza nguvu hizo ni rahisi kuliko kuzijenga. Aliyezoea mazoezi siku sita kwa wiki anaweza kutunza sehemu kubwa ya uwezo wa moyo na mapafu yake kwa siku mbili au tatu, mradi asipunguze kasi. Kutunza uzito kunadai zaidi, kwani huko chakula ndicho kinachosema neno kubwa.

Mambo ya kufanya

1. *Shukuru, kisha pumzika kwa siku zinazohesabika.* Kusherehekea ni halali. Mshukuru Mungu, washukuru waliokusaidia, pumzika wiki moja ukitaka. Lakini kabla ya kupumzika, taja siku ya kurudi na umwambie mtu mwingine siku hiyo.

2. *Badili lengo la namba liwe lengo la desturi.* Badala ya kusema "nifike kilo 84", sema "nitatembea Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi". Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano au zaidi, pamoja na kazi za kutia misuli nguvu siku mbili. Kulima, kubeba maji na kutembea kwa haraka vinahesabiwa. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba.

3. *Jiulize unatembea kwa ajili ya nani.* Namba pekee haimwamshi mtu alfajiri kwa miaka kumi. Kumwona mjukuu akipata Komunyo ya Kwanza kunaweza. Kupanda mlima wa hija bila kubebwa kunaweza. Andika sababu yako, uibandike unapoweka viatu.

4. *Chagua jambo jipya la kujifunza.* Mchezaji wa gofu mwenye busara akifika 18 hakimbilii 12 mara moja. Hushughulikia jambo moja, kama mikwaju mifupi ya karibu na shimo. Nawe jifunze kitu kimoja: kupika mboga kwa chumvi kidogo, kunyoosha viungo, kuendesha baiskeli. Anayejifunza hachoki upesi.

5. *Weka mpaka wa tahadhari.* Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile. Ukipanda kilo mbili juu ya lengo, rudia mara moja utaratibu wa mwanzo. Usingoje zifike nane. Presha pima kila mara kama ulivyoelekezwa kliniki.

6. *Usitembee peke yako.* Watu wawili au watatu wa jumuiya moja wakipatana saa na mahali, mvua ya mmoja haimzuii mwingine. Aliyefika lengo anaweza sasa kumwongoza anayeanza. Kwa kumfundisha mwenzako, nawe unalindwa.

Kuhusu dawa

Tunaomba hili lisomwe mara mbili. Presha ikiwa nzuri wakati unatumia dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Si kwamba haihitajiki tena. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Baadhi ya dawa zikiachwa ghafla hupandisha presha kwa nguvu. Kweli, wapo ambao baada ya kupungua uzito na kuzoea mazoezi hupunguziwa dawa. Lakini anayepunguza ni daktari, baada ya kupima, wala si mgonjwa mwenyewe baada ya kupongezwa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge aulize kliniki jinsi ya kupanga chakula na mazoezi, na akitoka kutembea awe na sukari kidogo mfukoni. Na yeyote anayepata maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, kuzimia, kulegea upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, apelekwe hospitali mara moja.

Ukiteleza

Hakuna anayetunza lengo bila kuteleza. Kutakuwa na msiba, safari, malaria, Krismasi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mfikirie Eliud Kipchoge wa Kenya. Mwezi Oktoba 2019, huko Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya, ingawa kwa mpango wake halikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Mtu angeweza kusema, sasa basi. Mwaka uliofuata, mjini London, alimaliza wa nane. Wengi walidhani amekwisha. Alirudi kwenye mazoezi yake ya kila siku. Mwaka 2021 alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki, na mwezi Septemba 2022, mjini Berlin, akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Rekodi hiyo nayo ilivunjwa mwaka 2023 na Mkenya mwenzake, Kelvin Kiptum. Ndivyo namba zilivyo.

Imani ya mtu kwamba anaweza haitokani na namba aliyowahi kuipata. Inatokana na kurudi. Kila unapoanza tena baada ya kuteleza, unapata ushahidi kwamba unajua njia. Siku ya kurudi usijiadhibu kwa mazoezi makali wala kwa kukaa na njaa. Tembea dakika 15, zinatosha. Kesho ongeza tano. Lakini ukiona huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya mambo yote vimeendelea zaidi ya wiki mbili, zungumza na mhudumu wa afya. Huo si uvivu, na una tiba.

Taji lisilonyauka

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji, akijua kwamba michezo mikubwa ilifanyika karibu na mji wao, na mshindi alivikwa taji la majani ambalo baada ya siku chache lilinyauka. Aliwaambia watafute taji lisiloharibika. Nasi hatuutunzi mwili kwa sababu ya makofi. Tumekabidhiwa, na bado tuna watu wa kuwatumikia.

Basi wewe uliyefika mwaka jana na kadi yako iko ndani ya sanduku: itoe. Angalia tarehe ya kipimo cha mwisho. Kama imepita miezi mitatu, nenda ukapime juma hili, hata kama unaogopa, na utakapotoka kliniki pitia kwa jirani mpatane saa ya kutembea kesho.