Je, Wajua? Tope Linalovua Viatu

Ukitaka tope la kukunyang'anya kandambili, usilitafute ufukweni penye mawimbi. Huko bahari huosha udongo laini na kubakiza mchanga. Ingia ndani ya hori, kwenye maji yaliyotulia, ambako chembe ndogo hupata nafasi ya kutua. Delta ya Rufiji, yenye takriban hekta 50,000 za mikoko, ndiyo makao yake makuu. Kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, nako lipo la kutosha.

Penye vijizizi vya mchu, aina ya mkoko, vilivyochomoza kama penseli panakanyagika. Panapong'aa bila mzizi wala tundu la kaa, utazama hadi magotini. Chimbua kwa kidole: juu kahawia, chini jeusi tii, linanuka yai viza. Humo hamna oksijeni, na bakteria wake hutoa gesi ya salfa.

Mbona linang'ang'ania? Ukiuvuta mguu kwa nguvu, chini ya unyayo hubaki uwazi usio na hewa wala maji, nao hukunyonya urudi. Utikisetikise taratibu, maji yapenye. Kuzama mzima si rahisi, kwa kuwa tope ni zito kuliko mwili. La kuogopwa ni maji kujaa: siku za bamvua bahari hupanda zaidi ya mita 3. Ingia maji yakitoka, pamoja na mwenyeji, na uvae raba za kamba. Magamba ya chaza hukata kama wembe.