Kongamano la mtandaoni humfunza mpasuaji kuona, si kushika

MAPEMA mwaka wa 2020 nilikuwa nimepangiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Mnamo Machi 13, serikali ikatangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya. Muda si muda nikapigiwa simu: upasuaji usio wa dharura umeahirishwa.

Nilipolazwa hatimaye, aliyekuja kunipima alikuwa daktari kijana, rika la kitindamimba wangu, ambaye alikuwa akisomea upasuaji.

“Prof, sisi tumesomea Zoom miezi hii yote,” akasema nyuma ya barakoa yake.

Nikashtuka. “Na kushona je, daktari? Mmekusomea Zoom vilevile?”

Swali langu halikuwa mzaha. Mpasuaji hufunzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya maneno na picha: mihadhara, mijadala ya eksirei, na ule mkutano ambapo madaktari huchambua vifo na madhara yaliyowapata wagonjwa wao ili wajifunze, si ili walaumiane. Njia ya pili ni ya mikono. Mwanafunzi husimama kando ya mwalimu wake chumbani mwa upasuaji, akaanza kwa kushikilia vifaa, kisha akashona ngozi, hadi siku anapoachiwa kisu.

Korona ilizipiga njia zote mbili, ila ni ile ya kwanza tu iliyopata tiba ya haraka. Hata Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani kiliandaa kongamano lake kuu la Oktoba 2020 mtandaoni. Huku kwetu, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoasisiwa mwaka wa 1999, hakikuanzia sufuri. Wanafunzi wake hujifunzia katika hospitali zilizotawanyika katika mataifa mengi, na tayari walikuwa na masomo ya mtandaoni kabla ya janga.

Tukumbuke kwamba neno kongamano linatokana na kitenzi kongamana, yaani kukusanyika. Je, watu wasiokaribiana wanaweza kukongamana? Naam, wanaweza. Daktari aliye Lodwar husikia mjadala uleule anaousikia mwenzake wa Nairobi, bila nauli wala hoteli, mradi ana bando na stima haijapotea.

Isitoshe, mtandao humlazimu mwalimu kuteua maneno kwa makini. Hawezi kuushika mkono wa mwanafunzi na kusema, “Fanya hivi.” Sharti aseme hasa anachotaka. Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa hili: kuchanja, kutoboa, kutumbua na kupasua si kitendo kimoja, na anayevichanganya vitenzi hivi mbele ya jipu atamuumiza mtu.

Hata hivyo, wahenga walisema kusikia si kuona. Kwa mpasuaji, kuona nako si kushika. Skrini haiwezi kumweleza uzi uvutwe kwa nguvu kiasi gani kabla nyama haijachanika.

Kijana yule alinijibu bila kuficha. Alikuwa amenunua miguu ya nguruwe, akawa anashona ngozi yake mezani huku mwalimu akimtazama kupitia kamera. “Lakini leo, Prof, mkubwa wangu atasimama kando yangu. Akiona nakosea, atachukua kisu.”

Nikatia sahihi fomu ya idhini.

Makongamano haya yasitupwe eti kwa kuwa barakoa zimevuliwa. Yabebe yale yanayobebeka kwa maneno na picha. Lakini kila mpasuaji mwanafunzi huwa na daftari la kuorodhesha upasuaji alioshiriki. Walimu wakague kurasa za miezi ile ya janga, na palipo na pengo, mwanafunzi arudishwe chumbani mwa upasuaji alizibe kabla ya kuhitimu. Saa za Zoom zisihesabiwe kuwa saa za kisu. Mgonjwa aliyepigwa ganzi hana nafasi ya kuuliza maswali.