Baipola ya kwanza na ya pili: picha ya ubongo haitoshi

Madaktari huugawa ugonjwa wa baipola katika aina mbili kuu. Ya kwanza hutambulika kwa mania: mtu huchangamka kupita kiasi, hulala kidogo bila kuchoka, hutapanya fedha, na hali hiyo hudumu wiki nzima, au humfikisha wodini kabla ya hapo. Ya pili ni sonona nzito inayopishana na haipomania, yaani mchangamko wa kadiri, wa siku nne au zaidi, usiomvurugia mtu kazi.

Je, ubongo nao unautambua mgawanyo huu? Mwaka 2016 mtandao wa watafiti uitwao ENIGMA ulichapisha vipimo vya picha za ubongo (MRI) vya wagonjwa 1,710 na watu 2,594 wasiougua. Kwa wastani, wagonjwa walikuwa na hipokampasi ndogo zaidi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, na vyumba vya maji vya ubongo vilikuwa vimepanuka. Wa aina ya kwanza, walipopimwa dhidi ya wasiougua, walikutwa pia na amigdala ndogo, sehemu inayoshughulika na hisia. Ila aina hizo mbili zilipolinganishwa zenyewe kwa zenyewe, hakuna tofauti ya ujazo iliyothibitika.

Hata pengo kati ya wagonjwa na wasiougua ni jembamba. Ukichukua mmoja wa kila upande bila kuchagua, uwezekano kwamba mgonjwa ndiye mwenye hipokampasi ndogo ni kama 56 kwa 100. Kurusha sarafu kuna gharama ndogo kuliko MRI.

Kwa hiyo daktari wa Mpanda, mji wa magharibi mwa Tanzania, hajanyimwa mashine ya kutenganisha aina hizi. Haipo hata London. Kote hutenganishwa kwa maswali, na ugumu uko kwenye majibu. Mwenye mania hahitaji kuelezewa sana, mtaa mzima unamfahamu. Lakini kijana anayelala saa tatu tu kwa usiku, akapalilia heka mbili za mpunga kisha jioni akafyatua matofali, hapelekwi hospitali. Anasifiwa. Ataletwa miezi kadhaa baadaye, hali wala hasemi, na atakayeandikwa kwenye faili ni mgonjwa wa sonona.

Hapo ndipo aina inapokuwa na uzito. Dawa za sonona kama amitriptilini, zikitolewa peke yake bila dawa ya kutuliza kupanda na kushuka kwa hisia, zinaweza kumrusha mgonjwa wa baipola kutoka kwenye sonona hadi kwenye mania. Familia itasema dawa za hospitali zimemtia wazimu, na haitakuwa imekosea sana.

Kinachohitajika kabla ya kuandika dawa ni swali: kabla ya hali hii, kuna kipindi alikuwa halali wala hachoki? Huchukua dakika chache, ilimradi aliyemsindikiza kutoka maeneo kama Mishamo au Inyonga awe ndugu anayeishi naye, si jirani aliyejitolea pikipiki.